Bangwe: Dagaa wanaondoka, sukari inaingia

Kigoma. Kutoka stesheni ya reli mjini Kigoma hadi Bangwe ni mwendo mfupi wa bodaboda. Barabara inapanda na kushuka vilima, ziwa linajitokeza na kujificha, na siku isiyo na ukungu milima ya Congo huonekana ng'ambo kama ukuta wa bluu. Bangwe ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwenye rasi inayoikinga ghuba ya Kigoma upande wa kusini. Henry Morton Stanley aliliandika jina hili katika karne ya 19, alipopita hapa kwa mtumbwi akitokea Ujiji.

Siku hizi mgeni hupokelewa na harufu ya dagaa. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka na taa, na ukitazama kutoka kilimani utadhani kuna mji mwingine uliowashwa umeme juu ya maji. Asubuhi akina mama hupokea mzigo na kuanika, wengine mchangani, wengine kwenye vichanja. Jua likiwa kali, kufikia jioni dagaa wameshakauka na kazi ya kufunga magunia imeanza.

Hatua chache kutoka ufukweni kuna maduka. Hapo bidhaa isiyokosa mteja asubuhi ni sukari: ya robo, ya nusu kilo, au ile ya kifuko kidogo kwa anayetaka chai ya leo tu. Mtoto hutumwa na sarafu mkononi, akirudi mbio anakuta maji yameshachemka.

Mizigo hii miwili hupishana kila siku. Dagaa wanaondoka, sukari inaingia. Katikati yake kuna swali ambalo wazazi wengi, wa mwambao huu na kwingineko nchini, hukutana nalo kwenye simu zao: je, ni kweli kwamba sukari ya kahawia, sukari guru na molasesi humwongezea mtoto damu?

Swali hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Katika kila watoto kumi, karibu sita.

Safari ya sukari hadi mwisho wa reli

Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na kwa miaka mingi dagaa wa Kigoma wamesafiri nayo hadi Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, ambako jina lao peke yake linatosha kupandisha bei.

Sukari hufuata njia ya kinyume. Viwanda vikubwa nchini viko mbali na Bangwe: Kilombero na Mtibwa mkoani Morogoro, TPC karibu na Moshi, Kagera Sugar upande wa mpaka wa Uganda, na Bagamoyo mkoani Pwani. Kilo moja inapofika kwenye mizani ya duka la Bangwe imeshapitia kwa mwenye lori, mbeba mzigo na muuzaji wa jumla, na kila mmoja ameongeza chake.

Ndiyo maana sukari ikiadimika, mwisho wa reli huumia. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Nino zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji na bei ikapaa. Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo za rejareja, kati ya Sh2,700 na Sh3,200 kwa kilo kulingana na eneo.

Kwa familia inayoishi kwa dagaa, bei ya sukari ikipanda maana yake ni moja: dagaa wengi zaidi lazima waondoke nyumbani ili kilo ile ile ya sukari iingie.

Rangi ya kahawia inatoka wapi

Ili kujibu swali la damu, ni vyema kujua kwanza sukari inavyotengenezwa, kwa sababu sukari nyeupe, ya kahawia, sukari guru na molasesi ni ndugu wa tumbo moja. Zote zimetoka kwenye juisi ya muwa.

Kiwandani, miwa husagwa na kukamuliwa. Juisi yake huchemshwa na kuwekwa chokaa maalumu ili uchafu utuame. Kisha maji huvukizwa mpaka juisi inakuwa nzito, na ndani yake punje za sukari huanza kuganda. Mchanganyiko huo humwagwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kubwa. Punje hubaki ndani, na uji mzito wa rangi nyeusi hutupwa nje kupitia matundu. Uji huo ndio molasesi.

Kazi haiishii hapo. Molasesi ya kwanza bado ina sukari nyingi, hivyo huchemshwa tena, punje hutolewa tena, kisha mara ya tatu. Kila mara uji unaobaki huwa mweusi zaidi, mchungu zaidi na wenye madini mengi zaidi kwa kila kijiko. Tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 100 za sukari na kilo 30 hadi 40 za molasesi ya mwisho. Sehemu kubwa ya molasesi hiyo huenda kutengeneza spiriti, hamira na chakula cha mifugo.

Sasa tuzitofautishe.

Sukari nyeupe ni ile iliyosafishwa mpaka molasesi yote imeondoka. Tanzania, sukari ya aina hii hutumiwa zaidi na viwanda vya soda, biskuti na dawa, na nyingi huagizwa kutoka nje.

Sukari ya kahawia ni punje zilizobaki na utando mwembamba wa molasesi. Wazazi wengi hawajui kuwa sukari ya kawaida inayotoka kwenye viwanda vyetu tayari ni ya aina hii. Anayeongeza fedha kununua sukari ya kahawia ya pakiti ya kifahari, mara nyingi ananunua kitu kile kile kilichomo kwenye kopo lake la nyumbani. Ulaya na Marekani, sukari nyingi ya kahawia ni nyeupe iliyorudishiwa molasesi kidogo.

Sukari guru haipitii mashine ya kutenganisha kabisa. Juisi ya muwa huchemshwa kwenye karai kubwa mpaka inakuwa nzito, kisha humiminwa na kugandishwa katika mabonge. Molasesi yote imo ndani. Jina lake limetokana na neno la Kihindi, "gur", na hutengenezwa kwa wingi magharibi mwa Kenya, Uganda, na katika baadhi ya maeneo ya miwa hapa nchini.

Kwa hiyo rangi ya sukari inaeleza jambo moja tu: kiasi cha molasesi kilichobaki.

Hesabu ya damu

Ni kweli kwamba molasesi ina madini. Ina madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu, pamoja na kalsiamu, magnesi na potasiamu. Hapo ndipo maneno ya "huongeza damu" yalipoanzia. Tatizo liko kwenye kiasi.

Gramu 100 za sukari ya kahawia zina takriban miligramu 0.7 za madini ya chuma. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban miligramu 7 kwa siku. Mzazi akitegemea sukari ya kahawia peke yake, itabidi mtoto ale karibu kilo nzima kwa siku moja. Hakuna mtoto wa kula hivyo, na akila ataugua.

Molasesi ina zaidi, takriban miligramu 4.7 kwa gramu 100. Hata hivyo, kijiko kikubwa kimoja kinatoa chini kidogo ya miligramu moja. Ili mtoto apate miligramu 7 atalazimika kumeza zaidi ya vijiko vikubwa saba, ambavyo ndani yake mna zaidi ya gramu 100 za sukari.

Kwa mjamzito hesabu ni mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mama mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku kwa njia ya vidonge. Vidonge hivyo ndivyo vile vya kliniki vinavyojulikana kwa jina la FEFO. Mama anayeviacha kwa sababu vinamchafua moyo, akahamia kwenye kijiko cha molasesi, ameacha mzigo wa lori na kubeba wa baiskeli. Vidonge vikimsumbua, aviulizie kliniki. Mara nyingi kuvimeza baada ya chakula hupunguza kichefuchefu.

Sukari guru nayo ina madini ya chuma kuliko sukari ya kawaida, na kiasi hubadilika kulingana na muwa na hata karai lililotumika. Lakini bado ni sukari, na mtoto hawezi kula ya kutosha kumponya bila kumdhuru.

Molasesi ya ng'ombe si ya mtoto

Kuna hatari nyingine ambayo mzazi asiipuuze. Molasesi inayouzwa kwa madumu kwenye maduka ya pembejeo imetayarishwa kwa ajili ya mifugo. Haikufungashwa kwa usafi wa chakula cha binadamu, na mara nyingine wafugaji huichanganya na urea ili ng'ombe wapate protini. Urea ni sumu kwa mtu akiimeza kwa kiasi kikubwa.

Bei yake ni nafuu na rangi ni ile ile, hivyo mtu aliyesoma ujumbe wa "kijiko kimoja kila asubuhi" anaweza kuona amepata dawa kwa bei ya chee. Asimpe mtoto.

Utamu ni utamu

Jambo la pili linalosemwa ni kwamba sukari ya kahawia au guru haina madhara kwa mwenye kisukari. Si kweli. Gramu 100 za sukari nyeupe zina takriban kilokalori 387, na za kahawia takriban 380. Tofauti hiyo mwili hauioni. Zote hupandisha sukari kwenye damu, na zote hutoboa meno ya mtoto.

Mwaka 2015 WHO ilitoa mwongozo kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu hupata kwa siku, na ikipungua hadi asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima asilimia 10 ni kama gramu 50. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu ni karibu gramu 25, sawa na vijiko vitano au sita vya chai kwa siku nzima, na nusu yake ndiyo salama zaidi.

Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu, andazi, kisha uji uliotiwa sukari jioni: mtoto ameshafika kikomo. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 35, na peke yake inavuka.

Asali nayo, ingawa mkoa wa Kigoma umejaliwa wafugaji wa nyuki, isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwa mtoto mchanga.

Upande wa kusini wa ziwa

Je, sukari haiwezi kuwa na faida kabisa? Inaweza, ikiongezewa. Ziwa Tanganyika upande wa kusini linagusa Zambia, na meli ya Liemba kwa miongo mingi iliunganisha Kigoma na bandari ya Mpulungu ya nchi hiyo. Zambia, tangu mwaka 1998, sukari ya nyumbani huwekewa vitamini A kiwandani kwa mujibu wa sheria. Faida ile haitoki kwenye muwa wala kwenye rangi. Imetiwa na binadamu kwa kipimo.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Kanuni za mwaka 2011 zinataka virutubishi viongezwe kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula vinavyotengenezwa viwandani. Sukari haimo.

Lakini Kigoma ina mawese. Rangi yake nyekundu inatokana na kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo husaidia mwili kutumia madini ya chuma. Kijiko cha mawese kwenye mboga ya mtoto kinafanya kazi ambayo rangi ya sukari haiwezi.

Damu iliyoanikwa mchangani

Hapo ndipo tunarudi kwenye yale magunia. Dagaa ni chanzo kizuri cha madini ya chuma na zinki, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi pia. Zaidi ya hapo, sehemu ya chuma cha samaki na nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mimea, na husaidia hata kile cha maharage na mboga za majani kiingie.

Kwa maneno mengine, kile ambacho wazazi wanakitafuta kwenye kopo la sukari, Bangwe inakianika juani kila siku, inakifunga na kukipakia kwenye gari. Mara nyingi nyumba inayouza gunia inabaki na dagaa wa kulia ugali wa baba, huku mtoto wa miaka miwili akipewa chai na andazi kwa kuwa "hawezi miba".

Anaweza, wakitayarishwa. Chagua dagaa waliokaushwa kwenye kichanja, maana wa mchangani hubeba changarawe. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe tena, wakaange bila mafuta, watwange au wasage, kisha chekecha. Unga huo uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuongezewa kijiko kwenye uji mzito au kwenye ndizi zilizopondwa.

Chai ni jambo jingine. Majani ya chai yana kemikali inayozuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mtoto anayekula maharage huku akishushia na chai anapoteza sehemu ya kile alichokula. Chai isubiri saa moja au zaidi baada ya chakula, na kwa watoto wadogo ni bora isiwepo.

Badala yake mpe tunda. Vitamini C husaidia chuma kiingie, na mwambao huu haujakosa matunda. Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, hadi leo inajulikana kwa miembe yake mikubwa. Embe, papai, chungwa au limau lililokamuliwa kwenye mchicha ni msaada mkubwa kwa bei ndogo.

Usitibu kwa kubahatisha

Hata chakula kizuri hakitoshi pale upungufu wa damu unapotokana na ugonjwa. Katika utafiti wa malaria wa mwaka 2017, Kigoma ndio mkoa ulioongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi kwa watoto wadogo, asilimia 24. Malaria huharibu damu. Minyoo huinyonya. Seli mundu huvunja chembe zake, na mtoto mwenye ugonjwa huo hahitaji kuongezewa madini ya chuma bila ushauri wa daktari.

Mtoto akiwa na viganja vilivyopauka, weupe ndani ya kope, uchovu usio wa kawaida, kupumua haraka au tabia ya kula udongo, apelekwe kituo cha afya apimwe wekundu wa damu na malaria. Mtoto aliyepauka na anayehema ni mgonjwa wa dharura. Asicheleweshwe kwa kijiko cha kitu chochote, kiwe molasesi, guru au juisi ya rozela.

Mzazi pia asikose Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, ambao hufanyika Juni na Desemba. Watoto walio chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo bila malipo. Na chandarua kitumike kila usiku, hata msimu wa kiangazi.

Sukari itaendelea kuuzwa Bangwe, na chai ya asubuhi si dhambi. Anayependa ladha ya sukari guru aile kwa ladha yake, kidogo, kama sukari nyingine. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya sukari ya "kuongeza damu" inunue maharage, maembe au mafuta ya mawese. Na kwa nyumba inayoanika dagaa, ushauri ni mfupi zaidi: kabla gunia halijafungwa, chota kibaba cha watoto uweke pembeni.